Mkate wa mayai wenye chizi na matunda ndani: Tabora krimu chizi ya kubahatisha, nifanyeje?

Chai ya Saa Nne (Tabora)

Habari za jioni wakuu. Kuna oda ya chai ya asubuhi kwa watu 12 Jumapili hii hapa Tabora mjini. Mteja anataka ule mkate wa mayai (wa kuchovya kwenye mayai na maziwa kisha kukaanga) uliojazwa krimu chizi na matunda katikati, wa kuliwa kwa uma na kisu. Mkate wa mayai wa kawaida hauna shida, huu wa kujaza ndio unasumbua.

Krimu chizi madukani hapa leo ipo, kesho haipo, na kuiagiza Dar kwa basi ni joto njia nzima. Vya ndani vinavujia kwenye frampeni na kuungua. Nje unakuwa kahawia wakati katikati yai bado bichi. Na matunda sijui nichague lipi: maembe yameanza kuingia sokoni, nanasi lipo, papai lipo, ndizi zipo.

Nina jiko la mkaa moja na gesi ya plate mbili. Oveni sina. Mkate ni ule wa slesi wa dukani. Naomba vipimo kamili tafadhali, siyo "weka kiasi".

---

Fundi Tanuri (Tabora)

Mkuu, matatizo yako yote ni tatizo moja: maji. Mkate una maji, chizi ina maji, tunda lina maji, halafu unachovya kwenye mayai na maziwa ambayo nayo ni maji. Punguza maji kwenye vitatu vya kwanza, hicho cha mwisho kitapata pa kuingia. Mimi nasemea mkate na mayai, chizi nawaachia wenye ng'ombe.

Kwanza achana na slesi za dukani. Zina unene wa sentimita moja hivi na zinauzwa laini. Zikiingia kwenye mayai zinalowa mpaka kati, ukigeuza zinakatika, na chizi inapata mlango. Nenda bekari, omba mkate mzima ambao haujapitishwa kwenye mashine ya kukatia, ukate mwenyewe kwa kisu cha meno.

Kuna namna mbili za kujaza. Ya mfuko: kata kipande cha sentimita 4, ingiza ncha ya kisu chembamba kwenye ukoko wa juu, kisha zungusha ncha taratibu kwa ndani mpaka upate mfuko. Acha sentimita 1 hadi 1.5 ya mkate pande tatu bila kuitoboa. Mdomo usizidi upana wa vidole viwili. Ya sendwichi: slesi mbili za sentimita 2, unapaka chizi kwenye zote mbili ukiacha ukingo wa sentimita 1 kuzunguka, tunda linakaa katikati, unafunika na kubonyeza kingo. Kwa oda ya watu 12 nenda na mfuko. Una mdomo mmoja wa kulinda badala ya kingo nne.

Mkate uwe wa jana. Kiangazi cha hapa kingekukaushia bure, ila msimu huu wa mvua vipande vikiachwa wazi usiku vinaamka na unyevu. Vikaushe kwenye frampeni isiyo na mafuta, moto mdogo, dakika 2 kila upande, viache vipoe kabisa ndipo uvitoboe. Mkate mkavu unanyonya yai na kulishika. Mkate uliotoka tanuri leo unageuka uji.

Mchanganyiko wa mayai, kwa vipande vinene 4:

- mayai 4 ya kisasa (ya kienyeji ni madogo, weka 5 au 6)
- maziwa 250 ml
- sukari kijiko 1 cha chakula
- chumvi robo kijiko cha chai
- mdalasini nusu kijiko cha chai
- vanila kijiko 1 cha chai

Mdalasini ukimwaga moja kwa moja unaelea na kufanya madonge, kipande cha kwanza kinaubeba wote. Uchanganye na sukari ukiwa mkavu, kisha piga na mayai, maziwa yaje mwisho. Pitisha kwenye chujio. Ute usiochanganyika ndio unaoacha mabaka meupe juu ya mkate.

Usiongeze maziwa ili "yatoshe". Yai likipungua hakuna cha kugandisha, katikati itabaki teketeke hata ukipika nusu saa. Na sukari isizidi hapo, kwa sababu ndiyo inayokuwahisha kupata rangi wakati ndani hakujaiva. Utamu utatoka kwenye vya ndani na vya juu.

Kuchovya: kipande cha mfuko dakika 1 hadi 2 kila upande, slesi za sentimita 2 sekunde 20 hadi 30. Ukikinyanyua kidondoshe kidogo tu. Kikijikunja katikati kimezidi.

---

Sikonge Maziwa

Krimu chizi isikuumize kichwa, uko mkoa wenye ng'ombe.

Ujue kwanza unachoiga. Kwa kanuni za Marekani, chizi haiwezi kuitwa krimu chizi mpaka mafuta yafike angalau asilimia 33 na maji yasizidi asilimia 55. Ukigandisha maziwa ya kawaida kwa limau unapata chizi yenye mafuta kidogo kuliko hiyo, ndiyo maana nyingi za nyumbani zinatoka kavu na za punje. Dawa ni kuongeza siagi mwishoni.

Kwa watu 12 unahitaji kama gramu 600. Chukua lita 4 za maziwa fresh ambayo hayajaenguliwa mafuta.

Chemsha kwenye sufuria nzito huku ukikwangua chini yasishike. Yakianza kupanda, epua. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuchemka kwetu ni karibu nyuzi 96, siyo 100. Hakuna tatizo, hata nyuzi 85 zinatosha kwa limau kufanya kazi. Subiri dakika 2. Anza kutia maji ya limau yaliyochujwa, vijiko 2 vya chakula kwa kila lita, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga polepole mara chache tu. Utaona mabonge yanajitenga na maji yanakuwa ya kijani-njano, maangavu. Yakibaki meupe ongeza kijiko. Yakishakuwa maangavu acha hapo hapo, maana limau likizidi au ukikoroga kwa nguvu punje zinakaza na hata blenda haizilainishi.

Funika dakika 10. Mimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, suuza kwa maji safi ya kunywa ukali utoke, funga, ning'iniza dakika 40 hadi 60. Usikamue kwa mikono mpaka ikauke, hiyo itakuwa chizi ya kukata vipande vya kukaanga.

Ikiwa bado vuguvugu, isage kwenye blenda na siagi vijiko 3 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, na mtindi mzito vijiko 3 au 4. Mtindi ongeza mmoja mmoja. Ikishatelezea kwenye kijiko bila kumwagika, simama. Huna blenda? Isugue kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko, mara mbili. Mwisho weka sukari iliyosagwa vijiko 4 vya chakula na ganda la limau moja lililokunwa (lile la nje tu, jeupe ni chungu). Iache friji kwa muda wa saa 3. Maji yaliyobaki kandia chapati.

Uzuri wa chizi ya limau ni kwamba haiyeyuki kwenye moto. Inalainika na kukaa pale pale. Zile za pembetatu kwenye boksi la duara zimetengenezwa zilainike na kuyeyuka zikipata joto, juu ya hapo zina chumvi. Ukijazia hizo utaokota kwenye frampeni.

Angalizo la maziwa: lita moja ya maziwa mazima itakupa gramu 150 au zaidi. Ikishuka sana chini ya hapo, muulize anayekuletea kuhusu bomba lake. Na ya boksi yanayokaa kabatini bila friji usiyatumie hapa, yanatoa punje laini mno zinazopita kwenye kitambaa.

---

Mgando Tu

Sikonge, kazi yote hiyo ya nini? Mtindi usio na sukari, lita 2, kwenye kitambaa, usiku mzima, asubuhi una chizi laini kuliko hiyo yako na ladha ya uchachu iko karibu zaidi na krimu chizi yenyewe.

---

Sikonge Maziwa

Ladha nakubali, nakupa asilimia mia. Kwa kupaka kwenye mkate wa kawaida ningechagua yako. Lakini kwenye frampeni mtindi uliochujwa ukipata moto unatoa maji tena, na huyu ndugu analalamikia kuvuja. Akitaka hiyo njia, achuje saa 24 siyo usiku mmoja, ndani ya friji maana kwa joto la hapa ikining'inia nje itachacha kupita kiasi, kisha kila gramu 250 aipigie kijiko 1 cha chai cha konflawa na kiini cha yai moja. Hapo itashika. Pia asome pakiti: mtindi wa kiwandani uliotiwa vya kuufanya mzito hauchujiki vizuri, utaukuta kesho yake uko vile vile.

---

Bi Mkubwa wa Ujiji (Kigoma)

Naona tunda limeachwa yatima. Nitalisemea mimi.

Nanasi na papai ambavyo havijapikwa visiguse chizi. Siyo suala la ladha. Nanasi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, papai lina papaini, na vyote viwili vinakatakata protini ya maziwa. Utachanganya jioni vizuri, asubuhi unakuta chizi imekuwa maji na ina uchungu ambao sukari haiuondoi. Hata ukichanganya asubuhi hiyo hiyo, muda wa kusubiri zamu kwenye frampeni unatosha kuiharibu. Moto ndio unaoua vimeng'enya hivyo, kwa hiyo nanasi lazima lichemke kweli kweli kabla: vipande vya nusu sentimita, gramu 300 kwa sukari kijiko 1, dakika 8 hadi 10 mpaka maji yake yakauke. Nanasi la kopo halina tabu hiyo kwa kuwa limeshapikwa, ila lichujwe. Papai mimi ningeliacha kabisa, likipikwa halibaki na la maana.

Embe ndilo lako. Chagua lililoiva lakini linalokataa kidole, yale yenye nyuzi nyingi yaache yaliwe kwa mikono. Kata vipande vya sentimita 1. Kwa gramu 300 za nyama ya embe weka sukari kijiko 1 cha chakula na maji ya limau kijiko 1 cha chai, pika moto wa kati dakika 5 hadi 7. Ukipitisha kijiko chini ya sufuria njia ikabaki wazi sekunde mbili tatu, limetosha. Kama embe ni la maji sana, koroga konflawa kijiko 1 cha chai kwenye maji kidogo ya baridi, tia, lichemke dakika moja zaidi. Lipoe kabisa. Tunda la moto juu ya chizi ni kuomba kuvuja.

Ndizi haihitaji kupikwa wala haitoi maji, ni ya kumwokoa mwenye haraka. Ila inakuwa nyeusi, kwa hiyo ikatwe dakika ile ya kujaza na ipakwe limau.

Kipimo kwa kipande kimoja: chizi vijiko 3 vya chakula, tunda kijiko kimoja na nusu. Usichanganye pamoja. Tangulia na chizi ndani ya mfuko, sukuma tunda katikati yake, funga mdomo kwa chizi. Tunda likigusa mkate, mkate unalowa.

---

Chai ya Saa Nne

Shikamoo mama wa Ujiji, na asanteni wote. Nimeamua: embe, chizi ya limau, mkate wa mfuko. Yamebaki matatu. Naweza kujaza Jumamosi usiku? Kwenye mkaa moto unapimwaje? Na kuna mtu amenishauri nikaangie mawese kidogo ili upate rangi ya dhahabu.

---

Bi Mkubwa wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Mawese ni yetu huku na nayatetea popote, lakini siyo hapa. Ladha yake ni nzito, vanila na embe vitapotea, na hiyo rangi itakuwa ya chungwa, siyo ya dhahabu. Yaweke kwa ajili ya migebuka, samaki wetu wa ziwani.

---

Makaa Mekundu

Kujaza usiku: ndiyo, kwa sababu embe lako limepikwa. Panga kwenye trei midomo ikitazama juu, funika kwa kitambaa kikavu, weka friji. Usichovye usiku. Kuna watu wanalaza mkate ndani ya mayai mpaka asubuhi, hiyo ni ya kuoka kwenye bakuli la oveni. Wa frampeni utakatikia mkononi. Toa friji dakika 20 kabla ya kupika, chizi ikiwa baridi sana ndiyo inayokuachia katikati mbichi.

Moto wa mkaa. Usianze mkaa ukiwa unawaka mwekundu mtupu. Subiri ufunikwe na majivu meupe, utandaze, kisha punguza kama theluthi uweke pembeni kwenye sahani ya bati, utauhitaji. Frampeni iwe nzito. Ile nyembamba ya bati inaunguza duara la katikati na kuacha pembeni peupe. Weka mafuta ya alizeti kijiko 1 na siagi kijiko 1. Siagi peke yake inaungua, mafuta peke yake hayana harufu. Kipimo ni siagi yenyewe: itoe povu na ikae nusu dakika bila kugeuka kahawia. Ikigeuka, moto mkali, nyanyua frampeni.

Sasa sehemu inayoziba kuvuja. Kipande kikitoka kwenye mayai usikilaze. Kisimamishe mdomo chini, kishikilie kwa koleo sekunde 30 hadi 40. Yai linaganda na kuziba mdomo. Ndipo ulaze, dakika 4 upande wa kwanza ukiwa umefunika kwa mfuniko, geuza mara moja tu, dakika 4 bila mfuniko nje ukauke. Ukibonyeza na mwiko utakuwa umefungua ulichoziba.

Kipande cha sentimita 4 hakiivi kwa frampeni peke yake, na ndiyo sababu yako ya yai bichi. Kwa kuwa huna oveni, palia. Chukua sufuria kubwa pana, weka ndani kisahani cha bati kilichogeuzwa, juu yake panga vipande vilivyokwisha kukaangwa, funika, weka makaa machache chini na yale uliyotoa mwanzo juu ya mfuniko. Dakika 8 hadi 10. Yai linaiva salama likifika nyuzi 71 katikati. Kama huna kipimajoto, chomeka kisu chembamba kwenye mkate ulio kando ya mfuko, siyo kwenye chizi, kitoke bila ute. Makaa ya juu yasizidi ya chini sana, la sivyo sukari ya juu inageuka chungu.

Kwa watu 12: frampeni ya sentimita 28 inabeba vipande 3. Weka frampeni mbili kwenye gesi, moto mdogo, na mkaa uwe wa kupalia tu. Raundi mbili, karibu dakika 10 kila moja, huku vya kwanza vimeshaingia kwenye sufuria. Futa frampeni kwa karatasi kati ya raundi, mabaki ya siagi yaliyoungua yanaacha madoa meusi kwenye vya pili.

---

Fundi Tanuri

Nyongeza ya hesabu: kwa vipande 12 utapiga mayai 12 na maziwa 750 ml. Usiyamwage yote kwenye bakuli la kuchovyea kwa pamoja. Weka theluthi, ikiisha ongeza. Makombo ya mkate yanaanguka humo na kuyafanya mazito, vipande vya mwisho vinatoka na ganda la omleti. Na yaliyobaki ndani ya jagi yakae friji, siyo mezani karibu na jiko.

---

Sikonge Maziwa

Hakuna aliyetaja asali, Tabora nzima! Imwage juu wakati wa kuandaa, kijiko kimoja kwa sahani, pamoja na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu nusu. Usiiweke kwenye mayai, inaungua haraka kuliko sukari. Ile ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina ukali fulani, juu ya embe inapendeza kweli, ila ndani ya chizi itaifanya iwe maji. Na uliza kama kwenye hao 12 kuna mtoto chini ya mwaka mmoja. Huyo hapewi asali hata kidogo.

---

Chai ya Saa Nne

Nimeandika yote. Swali la mwisho, chizi ikibaki inakaa muda gani?

---

Sikonge Maziwa

Siku 3 kwenye friji, chombo kikavu chenye mfuniko, kijiko kisafi. Usiigandishe kwenye friza, ikiyeyuka inarudi kuwa punje na maji. Ukiona haitaisha, pika chapati Jumatatu uipake.